Msomeeni mgonjwa, lakini msimwachishe dawa

Ukitembea Mombasa, Tanga, Dar es Salaam au Unguja mjini, huna haja ya kuuliza tiba ya majini inapatikana wapi. Matangazo yamebandikwa kwenye nguzo za umeme na kuta za vituo vya daladala, na sasa yamehamia kwenye simu. Sauti ya dakika chache inazungushwa katika makundi ya WhatsApp ikiahidi kuondoa sihiri, husuda, jini mahaba, kifafa, kichaa sugu na madeni, vyote kwa mpigo. Matangazo hayo yananikera, lakini kuna jambo linaloniumiza zaidi. Ni kauli ninayoisikia msibani, harusini na kwenye foleni ya zahanati, kutoka kwa watu wema wenye mgonjwa wa akili nyumbani: "Tumemwachisha zile dawa za hospitali, sasa anasomewa."

Husemwa kwa utulivu kabisa, utadhani aya na kidonge haviwezi kukaa katika kiwiliwili kimoja. Aliyewaambia hivyo mara nyingi ni mtu wanayemheshimu, na wao wametii kwa nia njema.

Msimamo wangu nauweka mapema. Kisomo ni haki ya mgonjwa Mwislamu, na hakuna daktari mwenye mamlaka ya kumnyang'anya. Lakini anayemwamuru mgonjwa aache dawa kwa kuwa anasomewa anamdhulumu, na kwa dhuluma hiyo hana ushahidi katika dini anayoisemea. Kwa hiyo kabla ya kumuuliza msomaji wa rukya, yaani kisomo cha tiba, ana ijaza gani au amewatoa majini wangapi, tumuulize swali moja tu: mgonjwa wetu anameza dawa za hospitali, unatuambia nini kuhusu dawa hizo?

Mlango wa kwanza ni wa maalimu

Kijana wa miaka ishirini anaanza kukesha. Anazungumza peke yake, anadai majirani wanamsema redioni, anakataa chakula kwa kuhofia kimetiwa sumu. Nyumba nzima inataharuki. Saa nne za usiku simu inapigwa kwa nani? Inapigwa kwa maalimu wa madrasa ya mtaani, kwa sababu yuko karibu, atapokea, na anamjua kijana huyo tangu alipokuwa akihifadhi Juzuu Amma. Atakuja na udhu wake, atamwekea mkono kichwani, atamsomea Fatiha, Ayatul Kursiyyu na sura mbili za kinga. Pengine kesho yake ataandika kombe: aya kwa zaafarani kwenye sahani nyeupe, zioshwe kwa maji na marashi ya waridi, mgonjwa anywe.

Wanaoicheka hali hii hawajaielewa. Katika chumba kile yanatokea mambo ambayo hospitali nyingi haziyatoi. Mgonjwa anaguswa na mtu asiyemwogopa. Ndugu waliogombana wanakaa kwenye mkeka mmoja. Mama aliyekuwa akijilaumu anaambiwa kwamba mtihani huu una mwisho. Moyo uliokuwa ukienda mbio unatulia kwa sauti unayoijua tangu utotoni.

Upande wa pili kuna hospitali ambayo jina lake tu tumeligeuza tusi. Unguja, watu wakitupiana maneno hupelekana Kidongo Chekundu. Bara hutajwa Mirembe ya Dodoma, na Kenya hutajwa Mathari ya Nairobi. Nani atakayempeleka bintiye anayekaribia kuposwa mahali ambapo jina lake ni matusi ya watoto barabarani? Ongeza nauli, foleni, dawa zinazokwisha kabla ya mwezi kwisha, na uchache wa madaktari bingwa wa akili katika Tanzania, nchi ambayo sensa ya 2022 iliihesabia watu zaidi ya milioni 61. Ndiyo maana nasema mlango wa kwanza utaendelea kuwa wa maalimu kwa miaka mingi ijayo. Swali ni kama mlango huo una njia ya kutokea kuelekea kwa daktari, au mgonjwa akishaingia anafungiwa humo.

Wiki zinazotudanganya

Dawa za maradhi makubwa ya akili zina tabia moja ambayo familia nyingi hazijaelezwa. Mgonjwa wa skizofrenia aliyetulia kwa dawa akiziacha leo, si lazima aharibikiwe kesho. Anaweza kukaa wiki kadhaa, hata miezi, akila, akilala na kusalimia watu vizuri. Wiki hizo ndizo zinazotudanganya. Maalimu amesema dawa ziachwe, dawa zimeachwa, mgonjwa yuko salama: basi kilichomponya ni kisomo. Utulivu uliojengwa na miezi ya dawa unahesabiwa kuwa kazi ya siku saba za rukya. Ugonjwa unaporudi, na kwa wengi wanaoacha dawa ghafla hurudi, hakuna anayekumbuka vile vidonge. Linatajwa jini jipya, au mkono wa shangazi fulani, na familia inarudi mwanzo ikiwa maskini zaidi kuliko ilivyokuwa.

Kuna tatizo lingine linalozaliwa hospitalini kwenyewe. Haloperidoli ni dawa ya zamani na ya bei nafuu, na bado inatumika sana kwetu. Kwa baadhi ya wagonjwa, hasa vijana wa kiume, siku za mwanzo hukaza misuli: shingo inapinda, taya linakakamaa, macho yanageukia juu. Mama anapomwona mwanawe katika hali hiyo anaona jini linapanda. Muuguzi angemwona mgonjwa aliyepatwa na madhara ya dawa, ambayo hutulizwa upesi kwa dawa nyingine na kwa kupunguza kipimo. Lakini je, muuguzi alimwambia mama kabla ya kumruhusu mgonjwa kuondoka? Mara nyingi hakumwambia. Alimkabidhi bahasha ya vidonge akaita jina linalofuata. Kwa mama asiyeambiwa kitu, kuziacha dawa zile ni huruma ya mzazi.

Hasara haiishii hapo, kwa sababu si kila anayeweweseka ana ugonjwa wa akili. Malaria kali humfanya mtu aropoke. Sukari ikishuka sana humfanya mtu apigane na watu asiowajua. Mjamzito anayetupa mikono na miguu kwa kifafa cha mimba hana muda wa kusubiri kisomo cha usiku kucha: yeye na mtoto wake wanaweza kupotea kabla ya alfajiri. Na mwanamke aliyejifungua juzi, halali, haachi kuzungumza, anamwangalia mwanawe kana kwamba si wake, tunasema amevamiwa kwa sababu ya damu ya uzazi. Huyo ni mgonjwa wa dharura, na walio hatarini ni wawili.

Tuihesabu sasa bei inayolipwa na nyumba ya kawaida. Inaanza na bangili za mama, kisha pikipiki ya kaka iliyokuwa ikileta posho, kisha sehemu ya shamba la mikarafuu iliyokusudiwa kugawiwa warithi. Dada mdogo anatolewa shule akae na mgonjwa. Baba anaacha kazi za mbali. Mwisho, pesa zikiisha na mgonjwa akizidi, linajengwa banda uani na mtoto wa watu anafungiwa humo. Mwaka 2020 shirika la Human Rights Watch lilieleza jinsi watu wenye matatizo ya akili wanavyofungwa minyororo katika nchi zipatazo 60, Kenya ikiwemo. Minyororo ile haikuanza na chuki. Ilianza na watu waliochoka, waliokwisha kuuza kila kitu, ambao hawakuonyeshwa njia nyingine. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, na vilio hivyo tunavisikia kutoka mabandani.

Tena tumewahi kuona hofu ya mashetani inavyoweza kuua. Mwaka 1995, wakati wa taharuki ya shetani aitwaye popobawa iliyoanzia Pemba, umati mjini Unguja ulimuua mtu mwenye matatizo ya akili ukidhani ndiye popobawa. Katika jamii inayotafsiri kila tabia ngeni kuwa ni shetani, mgonjwa ndiye wa kwanza kuumia.

Dini haikuamrisha kuchagua kimoja

Anayetaka kuitetea rukya kwa hadithi ana hadithi za kutosha. Maswahaba walimsomea Fatiha mkuu wa kabila aliyeumwa na nge, na Mtume (s.a.w.) akalikubali hilo. Aliposomewa maneno ya rukya yaliyokuwapo kabla ya Uislamu, aliruhusu yale yasiyo na shirki. Lakini Mtume huyohuyo alipoulizwa kuhusu kutafuta dawa aliwaamuru watu watafute, akieleza kwamba kila maradhi yana dawa yake isipokuwa uzee. Saad bin Abi Waqqas alipougua, alielekezwa kwa tabibu, al-Harith bin Kalada. Na anayejitia utabibu hali hana elimu yake alionywa kwamba atabeba dhamana ya madhara atakayoyasababisha. Onyo hilo la mwisho lingepaswa kubandikwa juu ya kila tangazo la tiba kwenye nguzo za umeme.

Wanazuoni waliokuja baadaye walielewa hivyohivyo. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kizima kuhusu maslahi ya mwili na nafsi pamoja. Alitenganisha huzuni yenye sababu inayojulikana na huzuni inayomjia mtu bila sababu anayoijua, na hiyo ya pili akaihusisha na mwili, kwa hiyo akaitafutia tiba ya mwili. Zaidi ya miaka elfu moja imepita, na bado kuna watu kwetu wanaomwambia mgonjwa wa sonona kwamba imani yake ni dhaifu tu. Damascus ilipata hospitali ya Nur al-Din mwaka 1154, na Cairo ikapata ya Sultani Qalawun mwaka 1284, na hospitali za aina hiyo ziliwapokea hata wagonjwa wa akili. Zilijengwa kwa mali ya wakfu, na Waislamu waliojua kwamba Qur'ani ni shifaa. Hawakuona mgongano.

Na tumkumbuke Nabii Yaakub. Qur'ani inasimulia kwamba alimlilia Yusuf hadi macho yake yakawa meupe. Yule alikuwa nabii. Nani atathubutu kusema huzuni yake ilitokana na upungufu wa swala? Basi kwa nini tunamwambia hivyo mjane wa Mikindani au mwalimu wa Wete asiyeweza tena kuinuka kitandani asubuhi?

Tulishaweza kwa degedege

Wapo watakaosema kwamba watu wetu hawabadiliki. Nawajibu kwa neno moja: degedege. Katika pwani ya Tanzania, Bagamoyo na kwingineko, wazee wetu waliamini kwamba mtoto anayekakamaa na kugeuza macho kwa homa amepitiwa na kiumbe kisichoonekana. Sindano iliogopwa, ikisemwa kwamba mtoto wa degedege akichomwa atakufa. Kwa hiyo alifukizwa na kuogeshwa dawa za miti, na hospitali ikawa kituo cha mwisho, wakati malaria imeshapanda kichwani.

Hali hiyo haikubadilishwa kwa kuwatukana bibi zetu. Ilibadilishwa na miaka ya elimu ya afya, na mama mmoja baada ya mwingine kuona mtoto wa jirani akirudi hospitalini mzima. Leo mama wengi hukimbia na mtoto zahanati huku midomo ikisoma. Hawakuacha dua. Waliongeza mbio. Wakati ule tulijifunza kwamba aya inaweza kusomwa ndani ya daladala kuelekea hospitali, na Mwenyezi Mungu anaisikia vilevile. Kwa nini tusijifunze hivyo kwa kijana anayesikia sauti?

Pale ambapo daktari hawezi bila shehe

Nisieleweke kwamba nataka maalimu awe mpeleka wagonjwa tu. Kuna maradhi ambayo daktari pekee hayamalizi.

Chukua mtu wa wasiwasi wa udhu. Anatawadha, anarudia, anarudia tena, hadi swala ya jamaa imeswaliwa yeye bado yuko bombani. Anaanza swala akiona nia haikutimia, anaivunja. Madaktari wa akili wanaujua ugonjwa huu na wana dawa zake, pamoja na mazoezi ya kumfundisha mgonjwa kuivumilia hofu bila kurudia kitendo. Lakini daktari akimwambia asirudie, mgonjwa atamjibu: je, swala yangu ikibatilika? Hapo anahitajika mtu wa fiqhi, amwambie kwamba yakini haiondolewi na shaka, kwamba udhu wake wa kwanza ni sahihi, na kwamba anachotakiwa na dini ni kuupuuza ule wasiwasi. Fatwa hiyo ni sehemu ya tiba. Akiwa peke yake daktari hana kauli ya kumtuliza, na shehe akiwa peke yake anaweza kumfanya mgonjwa arudi kila siku na swali jipya. Wakikaa pamoja, mtu huyo anaweza kuswali swala moja kwa udhu mmoja.

Au chukua Ramadhani. Mgonjwa anayemeza vidonge mara tatu kwa siku anataka kufunga na wenzake, kwa sababu kuachwa nje ya mwezi ule kunamuumiza kuliko maradhi. Asipoulizwa ataamua mwenyewe: ataziacha dawa mwezi mzima. Anayetumia lithiamu yuko hatarini zaidi, kwani maji yakipungua mwilini dawa ile inaweza kugeuka sumu. Daktari anaweza kuangalia kama dozi zinawezekana baada ya futari na wakati wa daku. Pasipowezekana, shehe ndiye wa kumwambia kwamba ruhusa ya mgonjwa kula ni ya Mwenyezi Mungu mwenyewe, na kuipokea ni ibada. Neno hilo likitoka kwa daktari asiyejulikana imani yake, halina uzito uleule.

Wenzetu wamejaribu na yamewezekana

Wanaodhani huu ni mchanganyo usiowezekana waangalie Afrika Magharibi. Mwaka 1954, huko Aro karibu na Abeokuta, daktari Mnigeria Thomas Adeoye Lambo aliwatoa wagonjwa wa akili nyuma ya kuta akawaweka katika vijiji jirani pamoja na ndugu zao, na akawashirikisha waganga wa jadi badala ya kuwafukuza. Mwaka 2020 jarida la tiba la Lancet lilichapisha utafiti ulioongozwa na Oye Gureje wa Chuo Kikuu cha Ibadan, uliohusisha wagonjwa 307 Nigeria na Ghana. Wahudumu wa afya ya msingi waliwafuata wagonjwa kwenye vituo vya waganga wa jadi na wa dini, wakawapa dawa hukohuko, huku waganga wakiendelea na yao. Baada ya miezi 6 dalili za wagonjwa hao zilikuwa zimepungua kuliko za wenzao walioachwa katika utaratibu wa kawaida.

Utafiti mwingine, uliofanyika katika kambi moja ya maombi Ghana, unatuonya. Dawa zilipopelekwa kambini wagonjwa walipata nafuu, lakini siku zao za kufungwa minyororo hazikupungua ipasavyo. Maana yake kidonge hakifungui kufuli. Anayeshika ufunguo lazima naye abadilike, na hawezi kubadilika kwa kuitwa mshirikina kutoka mbali. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Tunachopaswa kukidai

Kwa mashehe na maalimu nawaomba mambo manne, na yote yako katika uwezo wenu. Msimwachishe mgonjwa dawa. Kama mna shaka nayo, mrudisheni kwa aliyempa. Msimsomee mwanamke faraghani, kwa sababu mnaijua hukumu ya faragha kuliko sisi. Msimpige mgonjwa kwa madai kwamba anayepigwa ni jini, kwani mifupa inayovunjika ni ya mwanadamu. Na mwenye homa, aliye mjamzito, aliyetoka kujifungua, asiyekula wala kunywa, au anayezungumzia kujiua, apelekwe hospitali usiku huohuo, mtamsomea njiani. Mkimpeleka nyinyi, familia itakubali. Tangazo la serikali halina nguvu hiyo.

Kwa Ofisi ya Mufti Zanzibar na mabaraza ya Waislamu ya BAKWATA na SUPKEM: masharti haya yaandikwe kwenye karatasi moja, yafundishwe kwa wasomaji wa rukya, na asiyeyakubali ajulikane. Tanzania Bara ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala tangu mwaka 2002. Kama aliye na mizizi na majani anatakiwa kusajiliwa, kwa nini anayeshika akili za watoto wetu asiulizwe lolote?

Kwa madaktari na wauguzi: muulizeni mgonjwa anasomewa na nani, na muulizeni bila kucheka. Mkimcheka atanyamaza, na akinyamaza hamtajua ameacha dawa lini. Waelezeni ndugu zake madhara ya dawa kwa Kiswahili cha nyumbani kabla hawajayaona usiku wakiwa peke yao. Mchukueni namba ya maalimu wake kama mnavyochukua ya ndugu.

Na sisi wa majumbani tuache kuona haya. Mwenye kisukari anayesoma Yasini kila Ijumaa hatumwambii atupe insulini ili kuonyesha tawakuli yake. Ubongo nao ni kiungo alichokiumba Mola, unaugua na unatibika. Ninachoomba kianze Ijumaa ijayo ni khutba moja, kwa sauti ya khatibu anayeaminika mtaani kwake, akitamka wazi kwamba kusomewa hakumzuii mtu kumeza dawa, na kwamba kumeza dawa hakupunguzi imani ya mtu. Khutba hiyo haihitaji bajeti, wala kamati, wala mfadhili. Na katika safu za nyuma hakosi kuwepo baba anayehitaji kuisikia kabla hajafika nyumbani na kuvitupa vidonge vya mwanawe.